Springi za Upande Wangu wa Kitanda

Mke wangu alinunua cherehani isiyo na kichwa. Hivyo ndivyo alivyoniambia alipofika nyumbani Nyalenda akitembea nyuma ya mkokoteni, jasho likimtiririka. Mimi, kama kawaida yangu, nilikuwa nimekaa mlangoni nikilinda kivuli kisiibwe. Miaka ya sitini ilikuwa inayoyoma. Wazungu waliobaki mjini walikuwa wakiondoka mmoja mmoja, na kila aliyeondoka aliacha mnada nyuma yake: vitanda, birika, viti vya kukunja, hata mbwa. Mke wangu alipenda minada kama wengine wanavyopenda kanisa. Mimi sikupenda kitu chochote kilichokuwa upande wa pili wa lango.

"Mzee, toka hapo ushike mguu mmoja," akasema.

"Mguu wa nani?"

"Wa mashine. Yako wacha kwanza ipumzike, naona imechoka kukaa."

Nilishika. Ilikuwa na miguu minne ya chuma, ubao mrefu juu uliofunikwa turubai, na chini kulikuwa na pedali tatu zilizopangwa kama meno ya mbele. Kati ya ubao na pedali ulining'inia ufito mmoja mwembamba wa chuma. Dalali alikuwa ameiita mashine ya kukanyaga, na siwezi kusema dalali alidanganya. Kichwa, mke wangu alinieleza, tungekitafuta baadaye.

Inafaa mjue kwamba alikuwa amekaanga samaki sokoni Kibuye tangu tuoane. Hata Jumapili, akiwa amejipaka mafuta na kufunga kitambaa kipya, nywele zake zilinukia samaki wa ngege. Zamu yake ya kupokea pesa za chama ilipofika, aliwaambia wenzake wa sokoni kwamba wamwangalie vizuri pale nyuma ya karai, maana hawatamwona tena. Shule zikifunguliwa angekuwa ameketi kwenye kivuli kama bibi wa ofisi, akishona sare.

Nikafunua turubai. Chini yake kulikuwa na nyuzi za chuma, nyingine zimekatika, nyingine zimeshika kutu, zimetandazwa kama kamba za kuanikia nguo za watu wafupi sana. Elimu yangu ya sekondari, ambayo mpaka siku hiyo haikuwa imeifaa nyumba yetu kwa lolote, ikaamka. Shuleni tulikuwa na jalada la santuri lenye picha ya mzungu wa kofia pana, ameketi nyuma ya meza kama hiyo hiyo, anatabasamu.

"Mama," nikasema taratibu, "hii ni gitaa."

"Gitaa iko na miguu?"

"Hii iko nayo."

"Na hizo pedali ni za kwenda wapi nayo?"

"Ukikanyaga, uzi unavutwa, sauti inapanda. Ukiachilia, inarudi chini."

Alikaa kwenye ndoo. Mke wangu halii. Hunyamaza, na kunyamaza kwake ni kama mvua inayojikusanya upande wa milima ya Nandi: unaanua nguo mapema, huulizi.

Kabla mvua hiyo haijanyesha, wanawake wa sokoni walifika kuangalia cherehani. Mbele yao alikuwa jirani yake wa karai, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kufungua milango, ambaye kila siku ya soko walikaa bega kwa bega wakiibiana wateja. Mimi nilikuwa nimekimbilia ndani kula. Nikamsikia akiuliza, "Ai yawa! Hii itashona nini? Itashona upepo?"

Wengine wakaanza kucheka. Lazima mjue kicheko cha soko lile. Kulikuwa na mama aliyewahi kununua gunia la mitumba ya viatu, akakuta vyote ni vya mguu wa kushoto. Tangu hapo aliitwa Kushoto. Mumewe aliitwa bwana ya Kushoto. Nilihudhuria harusi ya binti yake, na hata mhubiri alijisahau.

Ndipo mke wangu akainuka kwenye ndoo. "Nani amewaambia cherehani? Mimi nilisema mashine ya kukanyaga. Hii ni gitaa ya mume wangu. Niliijua nikiwa mbali. Ataipiga kule Kendu, siku baba anafungua nyumba yake ya mabati. Na nyinyi wote mmekaribishwa."

"Mume wako? Huyu wa mlangoni?"

"Huyo huyo."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa ugali. Niliingia katika fani ya muziki nikiwa natafuna.

Sijui kama niliwahi kumwona ameogopa kabla ya siku ile. Wageni walipoondoka alikuja akasimama mbele ya sahani yangu. "Ikikataa kulia," akasema, "mimi nitakuwa Cherehani mpaka nizikwe. Unasikia, Mzee? Na wewe utakuwa bwana ya Cherehani."

Niliwahi kupiga gitaa la kawaida shuleni. Nilijua mikao mitatu ya vidole, na mmoja ulikuwa wa nyimbo za dini. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, na nikabaki na wasiwasi huo mwenyewe.

Upungufu ulikuwa mwingi. Fito mbili kati ya tatu hazikuwepo. Springi za kurudishia pedali hazikuwepo hata moja. Nyuzi nusu zilikuwa zimekufa, na kile kipande cha chuma kizito anachokishika mpigaji kwa mkono wa kushoto na kukitelezesha juu ya nyuzi, Mzungu alikuwa ameondoka nacho, labda kama ukumbusho.

Nilianzia kwa Mhindi wa duka la redio. Alitoka nje, akalizunguka gitaa langu kama mtu anayenunua ng'ombe. "Bwana, hii mashine ya Amerika," akasema. "Spea yake iko Amerika. Wewe napanda meli, nachukua, narudi."

Amerika! Mimi ambaye kufika Mamboleo, hapo tu nje ya mji, kulihitaji maandalizi, na nikifika nilikuwa natafuta mara moja gari la kurudi. Nilinunua nyuzi nne nene za gitaa la kawaida, nikalisukuma gitaa langu kwenda Kibuye.

Pale palikuwa na mzee mmoja aliyetoka Nyeri, muuza spea kuukuu za baiskeli. Alizitandaza juu ya magunia, nati kwa nati, na alikuwa anasikiliza redio siku nzima. Alipenda zile nyimbo za wachunga ng'ombe wa Amerika, zinazolia kama mtu aliyefiwa na farasi. Nilipomwonyesha gitaa alivua kofia.

"Kumbe hii ndiyo inaliaga hivyo! Mimi nilidhani ni mwanamke wameweka nyuma."

"Nataka fito, Mzee. Nyembamba, ngumu, na mwisho ziwe na meno ya kukaza."

"Spoki. Chukua spoki."

"Ni fupi."

"Unganisha mbili. Nyinyi watu ya ziwa mnashindwa kuunganisha kitu na mnaunganisha nyavu kila siku?"

Nikaunganisha. Kile kichwa kidogo cha spoki kinachokazwa kwenye ukingo wa gurudumu kilifaa kuliko nilivyotarajia: ukikizungusha kidogo, pedali inavuta uzi zaidi, ukikilegeza, inavuta kidogo. Kwa nyuzi nyembamba tulifumua waya wa breki, ule mpya usio na kutu, tukachukua unyuzi mmoja mmoja. Mzee yule alikuwa na jawabu kwa kila kitu, na jawabu lake lilikuwa baiskeli. Alitaka nifunge na kengele. Nilipokataa alinuna kabisa, akasema nitakuja kumkumbuka watu wakinizuilia njia.

Chuma cha mkono wa kushoto alikileta mke wangu. Ilikuwa pini ya pistoni ya lori, nzito, laini kama yai, aliyopewa na makanika mmoja mteja wake. Sikuuliza alimpa samaki wangapi. Alikuwa ameifunga ndani ya leso kama dawa. Kila jioni alipotoka sokoni, kabla ya kuvua viatu, aliuliza, "Imelia?" Nami nilijibu, "Iko karibu." Hivyo ndivyo daktari anavyowajibu watu wa mgonjwa.

Shida ilikuwa springi. Springi ndiyo inayoirudisha pedali juu ukiinua mguu, na uzi ukarudi kwenye sauti yake. Mzee wa Nyeri alinipa za kiti cha baiskeli. Nilikanyaga mara ya kwanza, pedali haikushuka, gitaa ndilo lililoinuka. Nikajaribu za mtego wa panya, zikanyooka kama tambi. Siku ya Kendu ilikuwa inakuja kama askari wa kodi.

Nikalala kitandani kufikiri, kwa sababu hapo ndipo mimi hufikiri vizuri, na hapo ndipo nilipozisikia. Kitanda chetu kilikuwa cha springi, nacho kilitoka mnadani pia, fahari ya mtaa mzima. Nikainua godoro. Zilikuwa pale, safu kwa safu, za ukubwa ule ule niliokuwa nautafuta. Nikachukua koleo. Na kwa kuwa mimi ni mume mwema, nilizitoa upande wangu tu. Upande wa mke wangu sikuugusa.

Usiku huo nilizama. Mke wangu akauliza kutoka juu, "Mzee, umeenda wapi?"

"Niko hapa."

"Hapa wapi? Nakusikia kama mtu wa kisimani."

"Nimekopesha gitaa springi kidogo."

Kitanda kikaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ule mkokoteni ufike.

Springi zilikaa vizuri sana. Nilifanya mazoezi wiki nzima bila spika, maana spika hatukuwa nayo, na bila spika gitaa hilo lina sauti ya mbu aliyefungiwa kwenye kibiriti. Nikikanyaga, sauti ilipanda. Nikiachilia, ilirudi. Nilijiona fundi wa dunia.

Tulikwenda Kendu kwa meli, gitaa likiwa sitahani limefungwa kwa kamba katikati ya kuku na mikungu ya ndizi. Abiria mmoja aliweka kapu lake juu yake, mwingine akauliza kama ni meza ya kupigia pasi. Kila mmoja mke wangu alimjibu, "Ni gitaa ya mume wangu," na kila mara alisema kwa sauti ya juu zaidi, kwa sababu jirani yake wa karai alikuwa ameketi nasi, amekuja na wenzake watatu. Mimi nilitazama maji nikitamani nyumbani.

Nyumba ya baba mkwe iling'aa kwa mabati mpaka macho yaliuma. Shemeji zangu wawili, ndugu za mke wangu, walikuwa na gitaa la kawaida na kayamba, na mmoja wao alikuwa amepata betri ya lori na ile spika ya mdomo mpana wanayotumia wahubiri wa barabarani. Tulipoanza kufunga nyaya, akaja mjomba wa mke wangu, mzee wa fimbo na koti la sufu katika jua lile.

"Orwa," aliniita, ndivyo wanavyomwita mkwe wao, "wewe utakaa hapa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na hiyo miguu itafanya nini?"

"Itakanyaga."

"Mbele ya mama mkwe wako?"

Mkwe ukweni hukaa kitini kama aliyemeza mwiko. Hapazi sauti, hali mpaka kushiba, na mama mkwe na yeye hukwepana kama gari na gari kwenye daraja jembamba. Mimi nilikuwa nimekuja kurusha miguu uwanjani kwake. Wazee walijadiliana, mke wangu akijiuma midomo. Mwishowe waliamua hivi: mama mkwe akae ndani ya nyumba mpya, mlango uwe wazi nusu, na gitaa lifungiwe shuka mbele, kutoka ubaoni hadi chini, miguu ya mkwe isionekane na mtu. Shuka ikaletwa, yenye maua. Nikaonekana kama ninayenyolewa.

Tulianza vizuri. Kwa kweli, tulianza vizuri kuliko haki yangu. Spika ya mhubiri ilitoa kilio kirefu kitamu, na watu wakaacha vyakula wakaja. Nilimwona mke wangu akipumua.

Lakini kwetu muziki haupigwi tu mpaka mwisho. Mtu ukimwingia huinua mkono, hutoa kitu kidogo, muziki husimama, naye hujisifu: yeye ni nani, ana nini, anapendwa na nani. Ni pakruok. Wapigaji wengine hunyamaza, mmoja huendelea kuchezesha nyuzi polepole chini ya maneno yake, na akimaliza wimbo unarudi. Kazi hiyo ya kuchezesha polepole nilipewa mimi.

Wa kwanza alikuwa mjomba mwenyewe. "Simamisha hapo!" Tukasimamisha. Nilikuwa nimekanyaga pedali, nikatulia juu ya sauti ile ya juu, nikiikwaruza taratibu. "Mimi ndiye dume la Kendu! Wake zangu ni watatu, na hawajawahi kugombana!" Akamaliza. Nikainua mguu.

Springi haikurudi haraka. Ilirudi kama mimi ninavyotoka kitandani. Sauti ikateremka polepole, kwa majonzi, kutoka juu hadi chini kabisa: *wuuuuuuu*. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesikia uongo mkubwa na hana nguvu ya kubishana.

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. "Gitaa limekataa!" mtu akapiga kelele. "Waulize wake wenyewe!" Mjomba alisimama ameshikilia fimbo, akiitazama shuka ya maua.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nyumbani, na sauti yangu ya mbu, nisingeweza kusikia mteremko ule. Na zile springi zilikuwa zimechoka, kwa kuwa zilikuwa zimenibeba mimi, mchana na usiku, miaka yote ile. Za upande wa mke wangu, anayeamka kabla ya jogoo, zilikuwa bado mpya. Wema wangu ndio ulioniponza.

Sasa kila mtu alitaka kupimwa. Mwalimu mmoja akajisifu kwamba hajawahi kumchapa mtoto kwa hasira: *wuuuuuuu*. Muuza maziwa akasema maziwa yake hayajui maji: *wuuuuuuu*, na hapo hata ndani ya nyumba mpya, nyuma ya mlango ulio wazi nusu, nilisikia mtu akicheka akajizuia. Jirani wa karai naye akajitokeza, mikono kiunoni. "Samaki yangu haijawahi kulala!" Gitaa likaomboleza. Alicheka mwenyewe mpaka akafuta machozi, kisha akageuka, akanyoosha kidole.

"Sasa mama wa gitaa! Njoo utuambie vile ulinunua!"

Wenzake watatu wakapiga makofi. Mke wangu alikuja katikati ya uwanja. Alikuwa amenyoosha shingo, lakini mkono wake ulikuwa unaikunja na kuikunjua ncha ya leso. Hakunitazama.

"Simamisha hapo," akasema.

Nikakanyaga pedali. Nikakanyaga kama ninayezima moto.

"Mimi ni binti wa nyumba hii ya mabati," akaanza. "Nilienda mnada. Wanaume walikuwa wamejaa, wote wanaangalia vitanda. Mimi nikaona gitaa. Nikaijua, nikainunua."

Kila shingo ilielekea kwenye spika. Mimi nilikuwa nakwaruza uzi huku mguu wangu, nyuma ya maua yale, umekandamizwa mpaka goti linatetemeka. Sauti ikabaki juu. Ikakaa hapo.

"Ngojeni," jirani akasema. "Italia tu."

Haikulia. Mtu mmoja akasema, "Limekubali!" na mke wangu, badala ya kurudi akae, akaona uwanja umekuwa wake.

"Na mume wangu ameitengeneza kwa mkono wake! Kwa spoki!" Sauti ikabaki juu. "Hakuna mtu Kisumu yote anaweza!" Bado juu. Misuli ya mguu ilikuwa imeanza kujisokota kama nguo inayokamuliwa. "Na Jumamosi ijayo anapiga Mamboleo! Na ile inayofuata, kwa harusi ya dada yangu! Na mtu yeyote ana sherehe, aje Nyalenda aniulize mimi!"

Hizo zilikuwa Jumamosi zangu. Alizigawa zote mbele ya macho yangu, na mimi, nikiwa nimekanyaga, sikuweza hata kufungua mdomo kukataa, kwa sababu nilijua nikifungua mdomo mguu utafuata.

Alipochoka kujisifu, vigelegele vikapaa, wanawake wa sokoni wakamzunguka, na jirani wa karai ndiye aliyepiga kigelegele kirefu kuliko wote. Sikumwelewa wakati ule, na simwelewi sasa. Shemeji yangu akarukia kayamba. Katikati ya kelele hizo mke wangu akaja, akainama kama anayerekebisha shuka.

"Achilia sasa," akanong'ona. "Hawasikii."

"Siwezi. Mguu umekufa."

Akaingiza mkono chini ya shuka, akanifinya shavu la mguu kwa vidole vyake vya kupindua samaki, akauondoa mguu wangu juu ya pedali kama anayeondoa kitu kwenye mafuta. Gitaa likalia kilio chake kirefu, na vigelegele vikakimeza chote.

"Na Mamboleo siendi," nikasema.

"Utaenda," akasema. "Nimeshawaambia."